BOI WA AFISA NAYE ALIKUWA VITANI

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hupita Mwembe Tayari karibu kila siku, na pale kando ya barabara ya Jomo Kenyatta zimesimama sanamu za shaba za watu wa vita vya 1914 hadi 1918. Sanamu za namna hiyo ziko Nairobi pia, na Dar es Salaam iko moja, na zote zilisimamishwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yale ya Kiingereza yalitungwa na mshairi Rudyard Kipling. Mwenye kusimama akayasoma ataona yamepangwa kwa daraja: kwanza wametajwa askari, kisha wapagazi, kisha watu wengineo wote waliotumikia wakafa. Leo nataka tuzungumze juu ya hao "wengineo".

Miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja ambaye ni nadra afisa wa Kizungu kwenda vitani Afrika Mashariki bila yeye. Mtu huyo ni mtumishi wake binafsi, aliyeitwa "boi" hata kama ndevu zake zimeota mvi. Waingereza walimwita hivyo, na Wadachi, ijapokuwa walikuwa maadui wa Waingereza, nao walilichukua neno hilo hilo wakalitumia. Rai yangu ni kwamba mtu huyu alikuwa shahidi wa karibu mno wa vita vile, na kwamba kusahauliwa kwake ni kazi ya pande mbili. Upande mmoja ni serikali iliyomtumia isimwandike. Upande wa pili ni sisi wenyewe tuliomwonea haya. La kwanza limeanza kusemwa siku hizi. La pili halisemwi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

KAZI YA MTUMISHI VITANI

Huko Uingereza mtumishi wa afisa alikuwa askari kamili. Aliitwa "batman", jina lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya tandiko la mnyama wa mizigo, kwani hapo asili alikuwa mchungaji wa farasi aliyebeba vitu vya afisa. Mtu huyo alivaa sare, alikuwa na nambari, alilipwa na jeshi, na zaidi ya kung'arisha viatu na kuchemsha chai, alimfuata afisa wake hadi mstari wa mbele akipeleka habari huku na huko. Mwandishi J.R.R. Tolkien, aliyepigana Ufaransa mwaka 1916, alieleza baadaye kwamba yule Sam Gamgee wa hadithi zake, mtumishi anayembeba bwana wake safari inapofika ukingoni, ametokana na askari wa kawaida na watumishi wa maafisa aliowajua vitani, watu aliowaona kuwa ni bora kuliko yeye. Kwa hiyo mtumishi wa Kiingereza amepata makao yake katika fasihi ya kwao.

Huku kwetu mambo yalikuwa mbali na hayo. Boi aghalabu alikuwa raia tu, kijana aliyeajiriwa na afisa mwenyewe, pengine tangu siku za amani, na vita vilipozuka akafuata. Alfajiri ndiye aliyewasha moto kabla ya mtu mwingine kuamka. Ndiye aliyeteka maji, akachemsha chai, akakunja kitanda na chandalua, akafunga shanta. Jioni majeshi yalipotua ndiye aliyesimamisha hema wakati wengine wamejinyosha chini. Afisa akishikwa na malaria, na wachache walisalimika, boi ndiye aliyemkesha, akamfuta jasho na kumnywesha maji kwa kijiko. Funza akiingia kidoleni, boi ndiye mwenye sindano. Na risasi zilipoanza kulia hakuwa na bunduki ya kujihami, ila aliyonayo ni chupa ya maji ya bwana wake na ile bunduki ya akiba aliyomchukulia.

Tusidhani kwamba watu hawa walikuwa wachache. Jemadari wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1920, alisimulia kuwa kabla ya vita Mzungu mmoja akisafiri alihesabiwa kuhitaji wapagazi kumi na mmoja hadi kumi na watatu, mbali na maboi wawili watatu. Alipoipunguza hesabu hiyo kwa ajili ya vita, Wazungu wenzake walipiga makelele. Hata askari wa Kiafrika katika jeshi lake walikuwa na vijana wao wa kuwabebea vitu. Jeshi hilo lilipovuka mto Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 kuingia nchi ya Wareno, lilikuwa kama mji unaohama, askari na wapagazi, wanawake na watoto, wapishi na maboi. Liliposalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Askari walihesabiwa mmoja mmoja, lakini boi hana hesabu yake peke yake.

MTU ASIYE NA NAMBARI

Hapa ndipo penye shina la jambo. Jeshi lolote hukumbuka kwa nambari. Askari wa K.A.R. alikuwa na nambari, na kwa nambari hiyo alilipwa, alipewa nishani, na alipokufa aliandikwa. Mpagazi naye aliandikishwa, ijapokuwa kwa uzembe mkubwa. Waingereza peke yao walichukua zaidi ya watu milioni moja kubeba mizigo katika vita vile, na karibu laki moja walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wakubwa wa wakati ule waliuona mzigo wa mpagazi kuwa ni mwepesi hivyo hivyo. Ujira wa waliokufa ulibishaniwa kwa miaka mingi baina ya wakubwa wa Kenya na wakubwa wa London, na mwisho wake haukulipwa. Yaliyosalia kwa wapagazi hao ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na jina la Kiingereza la jeshi lao.

Ikiwa hayo ndiyo yaliyompata mpagazi aliyeandikishwa, je, boi aliyeajiriwa kwa mdomo tu? Afisa alipouawa, kibarua chake kilikufa papo hapo. Hakuwa na ofisi ya kuiendea wala karatasi ya kuonyesha. Aliyejua kwamba alikuwako vitani ni yule yule aliyelala kaburini.

Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kukiri kasoro zake. Ilisema kwamba watu baina ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika na India, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wa hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ni vyema kwamba limesemwa. Lakini tume hutafuta majina katika madaftari ya jeshi, na boi wa kuajiriwa kwa mdomo hayumo katika madaftari hayo. Yeye, kama yumo mahali popote, yumo majumbani mwetu.

MASAUDI WA MOMBASA

Pwani hii tunao mfano mmoja unaofaa kuzingatiwa. Alikuwako Mwingereza aitwaye Arthur Wavell, aliyekuwa afisa wa jeshi, kisha akaja kuishi Mombasa na kulima mkonge. Mwaka 1908 alikwenda Makka wakati wa Hija kwa kujifanya mtu wa Unguja, na aliyefuatana naye katika safari hiyo ya hatari ni Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. La sheria katika jambo hilo nawaachia wenye elimu yake. Ninalolitaka mimi ni hili: Wavell asingeweza kutembea hatua moja katika miji ile bila ya mtu wa kumfunika kwa ulimi na desturi za Kiswahili. Siri yake na roho yake zilikuwa mikononi mwa Masaudi.

Vita vilipoanza Wavell aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani kuilinda Mombasa upande wa kusini, na aliuawa Mwele tarehe 9 Januari 1916. Yeye ameingia katika tarehe ya mji wetu. Na Masaudi je? Jina lake limetufikia kwa sababu moja tu, kwamba Wavell aliandika kitabu cha safari ile, kikachapishwa mwaka 1912, na ndani yake akamtaja. Kwa jina hilo moja lililoandikwa, hebu tuwakadirie wangapi walitumikia maafisa ambao hawakuandika kitabu, au waliandika wakatosheka na kusema "boi wangu".

Na hata walipowataja, mara nyingi waliwataja kwa namna ya kuwapunguza. Vitabu vya wakoloni vimejaa boi mwaminifu, boi mchekeshaji, boi mwizi wa sukari. Hapana boi mwenye mke aliyemwacha Malindi, wala boi mwenye rai juu ya vita vyenyewe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kukitandika kitanda humjua kunguni vile vile. Boi ndiye aliyemsikia afisa akilia usiku. Ndiye aliyejua ni amri gani ilitolewa kwa ushujaa na ipi ilitolewa kwa woga au kwa ulevi. Ushahidi kama huo ungewafaa sana wanatarehe, na wengi wa waliokuwa nao wamezikwa bila kuulizwa.

MTUMISHI KATIKA MAPOKEO YETU

Sisi tuliosoma chuoni tuna kipimo kingine, wala siwalinganishi mabwana, kwani hapana mlinganisho. Nawatazama watumishi tu. Wakati wa kutoka kwenda Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimtaka Abu Talha amtafutie kijana wa kumtumikia safarini, na Abu Talha akampandisha Anas bin Malik nyuma yake juu ya kipando. Anas huyo alitumikia miaka kumi, na mwenyewe amesimulia kwamba katika muda wote huo hakuambiwa neno la kuchukizwa. Ni nani asiyemjua Anas leo? Hadithi zilizopokewa kwake zapita elfu mbili. Maulamaa hawakumpuuza kwa kuwa alikuwa mtumishi. Walimwendea kwa kuwa alikuwa mtumishi, maana mtumishi ndiye aliyekuwako.

Na katika vita hivyo hivyo vya Khaybar alikuwamo mtumwa mmoja, Umayr, aliyefuatana na mabwana zake. Imepokewa kwamba alivishwa upanga, naye kwa ufupi wake akawa akiuburura chini. Fungu kamili la ngawira hakupewa, lakini alipewa kitu katika vyombo vilivyopatikana. Na jina lake likahifadhiwa. Karne kumi na nne zimepita, na mtumwa aliyeburura upanga bado twamtaja kwa jina, hali ya kuwa watu waliokuwa vitani yapata miaka mia moja tu iliyopita twawaita "wengineo".

AIBU YA NANI?

Sasa nije kwetu wenyewe. Hapa pwani mtu akiwa na babu aliyekuwa askari wa K.A.R. aliyefika Habeshi mwaka 1941 au Burma mwaka 1944, humtaja kwa fahari, na picha yake huitundika sebuleni. Lakini babu akiwa alikuwa boi wa afisa, husemwa kwa mkato kwamba "alikuwa akifanya kazi na Wazungu", na mazungumzo hugeuzwa. Kisa cha haya hizo si kigumu kukijua. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka saba tu kabla ya vita. Kazi ya kumwosha mtu mwingine miguu na kumvua viatu ilikuwa bado inanuka utumwa, na hapana aliyetaka harufu hiyo nyumbani kwake.

Wako watakaonijibu kwamba watu hao hawastahili kusifiwa, kwa sababu walimtumikia mkoloni katika vita visivyokuwa vyao. Jawabu langu ni kwamba askari naye alimtumikia mkoloni huyo huyo, tena kwa bunduki, na twamsifu. Isitoshe, kijana wa mwaka 1917 alipoona wenzake wanakusanywa kwa nguvu kubeba mizigo na hawarudi, kuchagua kubeba birika badala ya sanduku la risasi ilikuwa ni njia ya kuokoa maisha yake. Mtumikie kafiri upate mradi wako, walisema wazee, na wengi wao mradi wao ulikuwa kurudi wakiwa hai.

Wala hawakurudi mikono mitupu. Ngoma ya Beni, iliyozaliwa katika miji hii yetu ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilisafiri na majeshi ya vita vile hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ikichukuliwa na askari, makarani na watumishi. Ndani ya Beni mlikuwa na vyeo, sare, saluti na makapteni. Sioni ajabu hata kidogo. Nani aliyejua vizuri zaidi jinsi kapteni anavyofunga mkanda wake kuliko yule aliyemfungia? Na Kiswahili chenyewe, maafisa wengi walikisikia kwanza kutoka kinywani mwa boi kabla hawajakisoma kitabuni. Hao walikuwa walimu wasiolipwa mshahara wa ualimu.

Tena jambo hili halikwisha na ukoloni. Mwaka 1917 boi wa Afrika Mashariki hakuwa na wa kumlilia. Mwaka 2017 askari wa India walitoa malalamiko yao hadharani kwamba maafisa huwafulisha nguo, huwasuguisha viatu na kuwatembezesha mbwa, na nchi nzima ikajadiliana. Kumsaidia kamanda wako vitani ni khidma, nayo haina aibu. Kufanywa kijakazi cha nyumba ya mkubwa kwa jina la jeshi ni kitu kingine. Tofauti ya mambo hayo mawili ni heshima, na heshima huanza na kuitwa mtu kwa jina lake.

LA KUFANYWA

Siombi sanamu nyingine, kwani zilizopo hatuzisomi. Naomba mambo mawili mepesi. La kwanza, kila nyumba iliyo na habari za mzee aliyemtumikia afisa, katika vita vya kwanza au vya pili, iziandike: jina lake kamili na la babake, mtaa aliotoka, aliyemtumikia, alikofika, alivyorudi au alivyokosa kurudi. Wenyewe wa vita vya kwanza wamekwisha wote, na waliowasikia kwa masikio yao wamezeeka. La pili, wenzangu watunzi walifikirie jambo hili. Washairi wetu wa zamani hawakuviacha vita vipite hivi hivi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi, Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji, na Shaaban Robert akavitungia vita vya Hitler utenzi mrefu mno. Bado nafasi ipo ya utenzi wa mtu aliyeingia vitani akiwa na birika.

Na nyumba ambazo zimekuwa zikigeuza mazungumzo, nazinasihi ziache. Babu aliyemkesha mgonjwa porini, mgonjwa ambaye hakuwa wa kabila lake, wala wa dini yake, wala wa lugha yake, hakuwaletea wajukuu aibu yoyote. Aibu ni ya aliyekeshewa kisha asiulize jina.

Kwa sasa nimetoa beti moja, wenye kuweza watanijibu:

Jemadari na bendera, vitabuni wameketi,
Na kijana wa ujira, jina lake hulipati,
Alikesha na harara, mbele yake ni mauti,
Tumwandikeni kwa wino, si fadhila, ni hakiye.